Mfuko Nilioupokea Shimo la Tisa

Diploma yangu hakunipa mtu. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu hapa Lushoto wapo wanaopenda kusema kwamba nilibebwa. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na ada ya shule ya misheni niliitoa mgongoni mwangu, kwa kuteremsha kabichi za watu hadi soko la Soni alfajiri kabla ya masomo. Nilifaulu mtihani, nikafaulu mwingine, nikapanda meli nikiwa na suti moja, nikakaa Uskochi miaka minne, nikarudi na karatasi yenye muhuri mwekundu inayosema kwamba mimi ni mpima ardhi. Zama zile za Mwingereza, mkubwa wangu katika ofisi ya ardhi hakuwa na karatasi kama ile. Alikuwa na kiko na sauti kubwa.

Nilirudi pia na fimbo tano za gofu ndani ya mfuko wa turubai. Mji niliosomea ulikuwa na uwanja wa gofu wa watu wote, na waliocheza pale walikuwa mwoka mikate, tarishi wa posta, mwalimu wa hesabu, na mimi. Gofu ni mchezo wa kuhesabu. Unaupiga mpira mpaka uingie shimoni, kila pigo ni mkwaju mmoja, na mwenye mikwaju michache ndiye bora. Tukimaliza, hakuna aliyeniuliza baba yangu ni nani wala kwetu tunakula nini. Waliniuliza, "Umepiga mingapi?" Sijawahi kuulizwa swali la heshima kuliko lile.

Lushoto nayo ilikuwa na uwanja wake: mashimo tisa bondeni chini ya mikaratusi, na nyumba ya klabu yenye veranda juu ya kilima. Wanachama walikuwa maofisa wa serikali, walowezi wa mashamba na wake zao. Niliandika barua kuomba niwe mwanachama. Niliiandika kwa Kiingereza ambacho mkubwa wangu angehitaji kamusi kukisoma.

Katibu wa klabu, mwanajeshi mstaafu mwembamba mwenye masikio mekundu, alinijibu baada ya wiki tatu. Kanuni za klabu, alisema, hazitaji rangi ya mtu popote. Zinataja mikwaju. Anayetaka kupokewa sharti azunguke mashimo tisa mbele ya katibu kwa mikwaju isiyozidi arobaini na mitano. Nikapewa alasiri moja ya kuujaribu uwanja peke yangu, na mtihani wenyewe ukapangwa Jumamosi ya kwanza baada ya masika.

Niliisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikachanika. Kupokewa! Nilishapokewa na vyuo, na watu waliovaa majoho. Mikwaju arobaini na mitano ilikuwa kitu gani?

Siku ya kujaribu nilipiga hamsini na minne.

Sababu naijua sasa. Siku ile sikuijua. Nilikuwa na fimbo moja ndefu, ya kupigia mbali, na mikono yenye nguvu ya mtu aliyebeba kabichi. Kila nilipoweka mpira chini niliitazama bendera iliyosimikwa shimoni, nikaupiga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Kwenye mji ule wa Uskochi uwanja ulikuwa kando ya bahari, mpana, na mpira uliopotoka ulikutwa tu mbele ya safari. Lushoto mpira uliopotoka huingia kwenye msitu wa miwati au huteremka korongoni, na wewe unateremka nao.

Kwenye shimo la tisa nilimkuta mjomba wangu. Ni mdogo wake mama, na wakati ule alikuwa mkuu wa makedi, yaani wale wabebao mifuko ya fimbo za wachezaji. Alikuwa akisawazisha grini, yaani kile kiwanja kidogo kinachozunguka shimo, kwa mbao ndefu yenye kamba. Grini zetu hazikuwa za majani. Zilikuwa za mchanga uliokorogwa na oili chafu, na kila kundi likipita lazima nyayo zifutwe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mingapi?"

"Hamsini na minne."

"Na hiyo ni ile uliyoihesabu."

"Uwanja wenyewe mbaya," nikasema. "Kule Uskochi..."

"Uskochi hawana milima?"

"Wanayo."

"Basi hukuitazama. Mpira unateremka, wewe unataka upande. Na nani kakwambia upige vile? Una ugomvi na nani?"

Nilifanya kile ambacho mtu wa kwetu hukifanya bila kufikiri: nilinyoosha mkono nimpokee ile mbao. Lazima nieleze hapa. Kwetu ukimkuta mkubwa wako amebeba kitu, humsalimii mikono mitupu. Marahaba haijamalizika kinywani mwake, mzigo umeshahamia kwako. Mama alinichapa mara moja tu maishani mwangu, na ilikuwa kwa hilo: nilimpita mjomba huyu huyu njiani amebeba mkungu wa ndizi, nikasema shikamoo, nikaenda zangu.

"Koma!" mjomba akasema, akaivuta mbao upande wake kama mtu aliyeona mwizi. Alitazama juu verandani. Hakukuwa na mtu. "Wewe umeandika barua ya kuingia huku, kanuni zao umezisoma?"

"Nimesoma ya mikwaju."

"Mimi sijui kusoma Kiingereza, lakini kila mwaka mpya tunapangwa mstari tunasomewa. Yeyote aliyebeba mfuko wa mwenzake ndani ya uwanja huu ni kedi. Na kedi hapokewi klabuni, hata akiwa nani. Kedi anacheza Jumatatu asubuhi, kwa fimbo za kuazima, na saa nne awe ametoka. Umesikia? Mimi nauzunguka uwanja huu kwa arobaini. Nani anajua? Jumatatu inajua."

"Kwa arobaini, mjomba?"

"Arobaini. Siku ya baridi, arobaini na mmoja. Sasa sikiliza. Humu ndani usinipokee kitu. Mfuko, mbao, hata kofia ikidondoka, iache. Humu ndani mimi si mjomba wako."

"Na wewe utaniitaje?"

"Nitakuita bwana, kama wenzako. Nikishatoka getini nitakuita mjinga."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundishwa gofu upya, mimi mwenye diploma, na mtu aliyeishia darasa la tatu la misheni. Kwa miaka mingi sikulisema hili. Nilipoulizwa nilijifunzia wapi, nilisema Uskochi.

Uwanjani sikuruhusiwa tena kukanyaga mpaka siku ya mtihani, kwa hiyo nilifanyia mazoezi kwenye shamba la mama. Shamba lile liko ubavuni mwa mlima, na lina ngazi za udongo, moja chini ya nyingine, kama mashamba yote ya kwetu. Nilileta mnyororo wa kupimia kutoka ofisini, nikapima kutoka ngazi ya juu: ya pili hatua thelathini, ya tatu hatua hamsini na tano, ya nne themanini. Kwenye kila moja ya hizo tatu nikaweka tenga. Mjomba akaja jioni akitoka kazini, akaitazama fimbo yangu ndefu, akaichukua, akaenda kuisimamisha nyuma ya mlango wa mama.

"Hii ikae hapa ifukuze mbwa," akasema. Kisha akaitoa ile fupi kuliko zote, yenye uso mpana uliolala nyuma, ile wachezaji waiitayo weji. "Kazi ni hii. Mikwaju yako haipotelei kule mbali. Inapotelea hapa, bendera ukiwa unaiona."

Alisema kweli, na mimi kama mtu wa hesabu nilipaswa kuliona mwenyewe. Niliichukua kadi yangu ya mikwaju hamsini na minne, nikaandika kila mkwaju ulipigwa wapi. Zaidi ya nusu nilikuwa nimeipiga nikiwa karibu na shimo kuliko urefu wa shamba la mama.

Mafundisho yake hayakuwa na maneno ya kitabu. Weji ina mikono mitatu, alisema. Wa kwanza ni mkono wa kupalilia: fimbo inapanda mpaka gotini, inarudi, haina haraka, maana hutaki kukata mharage. Huo ni wa tenga la kwanza. Wa pili ni mkono wa kufyeka: fimbo inafika kiunoni. Tenga la pili. Wa tatu ni mkono wa kupasua kuni, begani, na huo uutumie kwa tenga la tatu na si pengine popote. "Usipalilie kwa nguvu na usifyeke kwa huruma," alikuwa akinipigia kelele kutoka ngazi ya chini. "Nguvu ni ileile. Badilisha mkono tu!"

Nilipiga mipira kila jioni, mvua isiponyesha na mara nyingine ikinyesha. Wiki ya kwanza niliyapiga maharage zaidi ya matenga.

"Miaka minne Ulaya," mama alisema akiokota mpira kwenye mche uliovunjika, "umerudi kuja kupigana na maboga?"

"Nitaingia klabuni, mama."

"Huko klabuni wanakula nini?"

"Sijui."

"Basi kwanza ujue."

Lakini wiki ya sita mipira minne kati ya mitano ilikuwa inalala ndani ya tenga au kando yake, tenga lolote, kwa amri ya mjomba: "Palilia! Pasua! Fyeka! Fyeka tena!" Sidhani kama kuna Mzungu hata mmoja pale klabuni aliyeweza kufanya hivyo, na sisemi hili kwa hasira. Niliwaona wakicheza. Nilikuwa na kazi ya kupima barabara ya juu, inayopita nyuma ya uwanja, na darubini ya ofisi haikuwa na kosa ikigeukia upande wa pili. Kwa siku nne niliuchora uwanja mzima, mashimo yote tisa, kila mwinuko na kila korongo, ramani safi ambayo bado ninayo.

Nilimpelekea mjomba. Aliigeuza mara mbili mikononi.

"Nzuri," akasema. "Lakini hapa, shimo la tano, umechora tambarare."

"Ni tambarare. Nimepima."

"Maji ya mvua yanapita hapo yakienda korongoni. Na mpira ni mtu wa kufuata maji. Piga kulia, kwenye kile kichuguu cha mchwa. Utarudi wenyewe katikati."

Tulikaa jikoni kwa mama na kalamu, tukalipitia shimo moja moja. Hatukuuliza nitafikaje kwenye bendera. Tuliuliza nisimame wapi ili mkwaju wa mwisho wa kufikia grini uwe wa tenga la pili, hatua hamsini na tano, mkono wa kufyeka, niliouzoea kuliko yote. Kisha tukarudi nyuma: ili nisimame pale, wa kabla yake niupige wapi? Mahali ambapo wenzangu wangepiga wa mbali mmoja na kutubu mara tatu, mimi ningepiga miwili mifupi na wa weji. Katika mashimo yote tisa fimbo ndefu haikuandikwa hata mara moja. Iliumiza kidogo. Mtu aliyerudi kutoka Ulaya anapenda aonekane akipiga mbali.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa mzito mpaka saa tatu. Nilivaa suruali niliyoinyoosha mwenyewe. Fimbo zangu nne zilizobaki nilikuwa nazo begani mwangu, kwa sababu nisingeweza kumbebesha mtu wa kwetu anizidiaye umri, na kubeba mfuko wako mwenyewe hakukukatazwa na kanuni. Katibu alikuja na mfuko wa ngozi wenye fimbo kumi na nne, mwavuli, koti la mvua na chupa ya chai. Aliubeba mjomba.

"Habari za asubuhi, bwana," mjomba akaniambia, macho yake begani mwangu.

Shikamoo ilinifika mdomoni nikaimeza. "Nzuri," nikasema. Kumjibu mjomba wangu "nzuri", kama karani anavyomjibu mfagiaji, lilikuwa jambo la kwanza gumu siku ile.

Shimo la kwanza nilipata mitano. La pili minne. Katibu aliandika. Verandani watu walikuwa wakinywa chai na kututazama tukipotea na kutokea kwenye ukungu. La tatu, lile la korongo, katibu alitoa fimbo yake ndefu na kuupiga mpira vizuri sana, ukavuka korongo lote isipokuwa hatua mbili za mwisho. Mimi niliupiga mfupi, nikasimama huku. Alinitazama kana kwamba nimekataa chakula chake. Kisha nikapiga wa pili ukavuka, na wa weji, na miwili ya kuuingiza. Mitano. Yeye alipata minane.

"Unacheza kama benki," akaniambia.

"Asante," nikasema, ingawa hakunisifu.

La nne, minne. La tano niliharibu. Niliipigia ile tambarare ya ramani yangu badala ya kichuguu cha mjomba. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka ramani iwe sahihi. Mpira ulifuata maji. Nilishuka korongoni, nikapiga mmoja wa kutoka, na kama ile fimbo ndefu ingekuwa mfukoni ningeitoa na kuirukia bendera. Lakini ilikuwa nyuma ya mlango wa mama. Mjomba alipita karibu yangu na mfuko wa katibu akikohoa, na katika kikohozi kile nikasikia, "Palilia." Nikapalilia. Mikwaju sita, ingeweza kuwa tisa.

La sita minne, la saba mitano, la nane minne. Thelathini na saba.

Shimo la tisa linaanzia kijitoni na kupanda mlima mpaka chini ya veranda. Nilibakiwa na minane. Mtoto angeweza. Nilipiga wa kwanza, nikapiga wa pili, mpira ukakaa mahali tulipopanga jikoni, hatua hamsini na tano, na nikaanza kupanda nikiwa nahesabu si mikwaju bali mambo nitakayowaambia watu ofisini Jumatatu. Katibu alikuwa ametangulia, fimbo yake moja mkononi. Ukungu ulikuwa umekwisha. Mbele yangu alikuwa mjomba na mfuko ule wa ngozi.

Udongo wa pale ni mwekundu, na baada ya masika unanata. Mjomba alisimama. Aliinama, mkono mmoja gotini, mfuko ukamlalia shingoni, nikaona kisigino cha kiatu chake kimechakaa upande mmoja, na shingo ya mdogo wake mama yangu imeinama chini ya chai ya mtu mwingine.

Mkono wangu ulikwenda. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na siwezi kusema zaidi ya hivyo. Mkanda ulikuwa begani kwangu kabla sijajua, na mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Shikamoo mjomba, lete."

Alisema "Acha!" kwa Kishambaa, chinichini, na akaushika mkanda. Sikuacha. Kwetu mkubwa lazima akatae kwanza. Ukiacha kwa sababu amekataa, hukuwa na nia. Nikaubeba mfuko wa katibu, pamoja na wangu, labda hatua arobaini, mpaka kwenye mpira wangu. Hapo nikauweka chini, mjomba akauchukua bila kunitazama.

Nilifyeka. Mpira ulipanda ukiwa mwepesi, ukaangukia kwenye mchanga wa oili, ukakaa hatua tatu kutoka shimoni. Mkwaju mzuri kuliko wote niliowahi kupiga, Uskochi na hapa. Miwili ya kuingiza. Jumla arobaini na miwili.

Katibu alinipa mkono. Aliandika 42 na kutia sahihi chini yake. Verandani mama mmoja wa Kizungu alipiga makofi mara mbili, akaona yuko peke yake, akaushika ukingo wa kiti.

Barua ilikuja Jumanne. Kamati iliridhika na mikwaju. Lakini wanachama wanne, waliokuwa verandani, walimwona mwombaji akibeba mfuko wa katibu kwenye shimo la tisa. Kwa kanuni ya klabu, abebaye mfuko wa mwenzake ni kedi. Kwa hiyo kamati inasikitika kwamba haiwezi kumpokea. Mwombaji anakaribishwa kutumia uwanja Jumatatu asubuhi, mpaka saa nne.

Nilikwenda nyumbani kwa katibu bila kumwarifu. Alinifungulia mwenyewe, masikio yakiwa mekundu zaidi.

"Mimi nilikuwa mbele," akasema. "Sikugeuka."

"Nani aliwaambia mfuko ni wako?"

"Waliniuliza kama ni wangu. Ni wangu."

"Yule ni mjomba wangu. Kwetu mtu hawezi..."

"Mjomba wako?" akauliza. "Amenibebea miaka kumi na mmoja. Sikujua kama ana jamaa."

Nilitoka. Nilimwacha mlangoni, mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kugeuka nyuma.

Nikaenda kwa mjomba. Nilimkuta akichambua mbegu za viazi, na nilidhani atanipa pole. Nilidhani tutakaa pamoja tuwatukane.

"Nilikukataza," akasema.

"Ulikuwa umechoka, mjomba. Niliona umesimama."

"Nani amechoka?"

"Uliinama. Ulishika goti."

Aliweka kiazi chini. "Nilikuwa natoa udongo kwenye kiatu," akasema. "Tunatoa udongo pale kila siku, kabla ya kufika kwenye mchanga. Kila kedi anainama pale pale. Udongo wa kiatu, bwana mpima! Umepima uwanja wote na darubini, hukuona tunainama wapi?"

Akaendelea:

"Miaka kumi na mmoja naupandisha mfuko ule. Jumamosi umeionyesha veranda nzima kwamba siuwezi. Na wewe umebaki nje. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: siku moja nisimame pale chini na mfuko wangu, nikuone juu, umekaa, unakunywa chai yao. Basi. Nisingekuomba hata kikombe."

Alirudi kwenye viazi vyake. Kisha, kwa sauti nyingine, karibu ya upole, akasema, "Haidhuru. Jumatatu njoo. Lete weji. Tutacheza wawili, tuone hiyo arobaini na miwili yako ni ya kweli au ya bahati."

Hapa ndipo ningeweza kuiandika hadithi hii vizuri kuliko ilivyokuwa. Ningeweza kusema nilikwenda. Lakini nilikuwa na barua mfukoni iliyoniita kedi, na diploma ndani ya fremu ukutani, na nilikuwa nimeumia. Nilisimama mlangoni kwake nikasema, "Sikusoma miaka minne Ulaya nije nicheze Jumatatu na makedi."

Mke wake, aliyekuwa anachochea moto, aliacha kuchochea.

"Haya," mjomba akasema.

Niliambiwa baadaye kwamba Jumatatu ile alingoja kwenye shimo la kwanza mpaka saa mbili ndipo akaanza peke yake. Na Jumatatu iliyofuata vilevile. Ya tatu hakungoja.

Sikucheza gofu tena. Nilipanda cheo, nilipima mipaka ya wilaya mbili, nilijenga nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo barabarani ambapo kila mtu anaiona. Kadi ya arobaini na miwili ninayo, na sahihi ya katibu iko chini yake. Hakuna kamati inayoweza kuifuta. Siku nyingine huitoa nikaitazama, shimo moja moja, na mpaka la nane sina kinyongo na mtu.

Mjomba alizeeka haraka. Mara ya mwisho nilipokutana naye njiani ilikuwa siku ya soko, anapanda kutoka chini na gunia la plamu begani, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache, na safari hii haikuwa udongo wa kiatu.

"Shikamoo mjomba," nikasema, nikanyoosha mkono nimpokee.

"Marahaba, bwana," akasema, akalihamishia gunia bega la pili, upande ambao mkono wangu haukufika, akaendelea kupanda.